"Grafiki 4GB, Bosi Wangu": Kuchagua Laptop ya Gemu kwa Bajeti Finyu

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo, au kule Luthuli Avenue jijini Nairobi, useme unatafuta laptop ya kuchezea gemu. Utajibiwa kwa namba. "Hii hapa bosi wangu, Core i7, RAM 8, grafiki 4GB, inapiga gemu zote." Namba zote tatu zinaweza kuwa kweli tupu, na bado ukafika nyumbani ukaweka GTA V, gemu iliyoingia kwenye kompyuta tangu 2015, ikawa inakwamakwama mpaka unaizima mwenyewe. Muuzaji hajakudanganya. Amekutajia namba zisizoamua kitu, na wewe hukuwa na swali la kumrudishia.

Tuanze na hiyo grafiki 4GB, maana ndiyo imewaliza wengi. Kila laptop ina chipu ya kuchora picha kwenye kioo. Kwa laptop za kawaida za ofisini chipu hiyo imo ndani ya prosesa, haina kumbukumbu yake ya maana, inaazima RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, na Windows huiruhusu kuazima hadi nusu ya RAM yote. Sasa chukua laptop yenye RAM ya GB 8 na chipu ya Intel UHD 620. Ukifungua taarifa za kadi ya picha kwenye mipangilio ya skrini, mstari wa juu kabisa unakupa jumla ya MB 4,100 na ushee. Huo ndio mstari unaoonyeshwa mteja. Shusha jicho mstari unaofuata, ulioandikwa "Dedicated Video Memory", utakuta MB 128. Zilizobaki zote ni za kuazima. Mashine hiyohiyo ukiiongezea RAM ikafika GB 16, "grafiki" yake itasomeka 8GB, na chipu ni ileile.

Laptop ya gemu ina chipu ya pili inayojitegemea, mara nyingi ya NVIDIA, wakati mwingine ya AMD, yenye kumbukumbu yake yenyewe pembeni. Hata hapo idadi ya GB haitoshi. GeForce 940MX iliwahi kutoka na GB 4, na GeForce GTX 1650 nayo ina GB 4, lakini ukizilaza pamoja kwenye gemu moja ni kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo swali la dukani ni moja: chipu gani? Tena usiridhike na jibu la mdomo. Mwambie, "Kaka, iwashe nione," kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, utazame orodha iliyo kushoto. Ukiona GPU 0 na GPU 1, bofya zote mbili usome majina. Ukiona GPU 0 peke yake na jina lake ni Intel UHD, hiyo ni laptop ya ofisi, iuzwe kwa bei ya ofisi.

Mimi nina kanuni moja tu kwenye suala zima la bajeti ndogo, na yote yanayofuata yanatoka humo: pesa iende kwenye kile ambacho fundi hawezi kukibadilisha baadaye. RAM utaongeza mwezi ujao. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, utabadilisha ukipata. Betri inauzwa. Lakini chipu ya grafiki imechomelewa kwenye bodi, na mfumo wa kupoza umetengenezwa kwa ajili ya bodi hiyo. Ukinunua i7 yenye RAM GB 16 na SSD ya TB 1 lakini grafiki ni ya kuazima, umelipia vitu vyote vinavyoongezeka na kukiacha kile kisichoongezeka. Wengi hufanya kinyume kwa sababu vile vinavyoongezeka ndivyo vinavyong'aa kwenye karatasi ya bei.

Kabla ya kutaja chipu, taja gemu. Hapa watu huwa hawajisemei ukweli. Mtu anasema anataka mashine ya "gemu zote", lakini ukimfuatilia anacheza eFootball ya mpira usiku kucha na Valorant ya risasi wikiendi. Valorant ilitengenezwa makusudi ikimbie kwenye mashine dhaifu, na chipu ya ndani kama Intel Iris Xe au Radeon za ndani ya Ryzen inaibeba vizuri tu. EA Sports FC, gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, ni habari nyingine: FC 25 inataka angalau GTX 1050 Ti, RAM GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. GTA V ya kawaida iko katikati. Halafu kuna kundi la tatu, gemu mpya kubwa kama Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025. Hizo zinadai chipu yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga kwa vifaa vyake vyenyewe, na chipu za GTX hazina vifaa hivyo. Ushushe ubora wa picha utakavyo, hazitafunguka. Asiyekusudia kucheza kundi la tatu anaokoa pesa nyingi sana, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Na kama ni mpira tu, wewe na jamaa zako sebuleni, PS4 iliyotumika itakufaa kuliko laptop yoyote ya bei hiyo. Laptop inalipa pale inapofanya pia kazi ya chuo, kuhariri video, au kubebwa.

Sasa ngazi za chipu, kwa jicho la mwenye bajeti ndogo. Chini kabisa zipo GeForce MX, yaani MX130, MX150, MX250. Ni chipu zinazojitegemea kweli, lakini zilitengenezwa kwa laptop nyembamba za kazi. Usilipe nyongeza kubwa kwa ajili yake. Inafuata GTX 1050 na 1050 Ti, zimezeeka ila zinafanya kazi. GTX 1650 ya mwaka 2019 ndiyo naiona kama mstari wa chini wa heshima: FC na GTA V zinakwenda vizuri kwa picha ya 1080p. Juu yake zinaanza RTX, zenye vile vifaa vya kufuatilia miale. Ya kwanza ni RTX 2050, jina lenye kupoteza watu, kwa sababu njia yake ya kumbukumbu ni nyembamba, biti 64 tu, na GB zake ni 4. RTX 3050 ya kawaida ina njia ya biti 128 lakini GB ni 4 zilezile, na gemu za sasa hujaza GB 4 haraka. Picha za kuta na nyuso zinakuja na ukungu au gemu inashtuka kila ukigeuka. Likitokea toleo la GB 6, hilo ndilo la kuchukua. RTX 4050 ya 2023 ina GB 6, na kwa anayenunua mpya ndipo ningesimama. RTX 4060 na RTX 5050 zina GB 8, na bei yake unaijua.

RTX zina faida nyingine ambayo kwa mwenye mashine ndogo si mapambo. DLSS ni mbinu ya kuchora picha kwa ukubwa mdogo kisha kuikuza kwa hesabu za akili bandia, na inafanya kazi kwenye RTX tu. Gemu iliyokuwa inasuasua kwenye fremu (picha) 35 kwa sekunde inaweza kufika 50 bila macho kulalamika sana. AMD wana mbinu yao, FSR, ambayo matoleo yake ya mwanzo yanakubali hata GTX za zamani, ila picha hupoteza ukali kidogo.

Kisha wati. Hili ndilo fundo gumu kuliko yote, na wauzaji wengi nao hawalijui. Jina moja la chipu linaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa kwenye laptop mbili tofauti, kwa sababu mtengenezaji wa laptop ndiye anayeamua ailishe umeme kiasi gani. RTX 4050 na RTX 4060 za laptop zinaruhusiwa kuwekwa popote kati ya wati 35 na 115. RTX 3050 ni kati ya 35 na 80. Laptop nyembamba inayovutia, yenye RTX 4060 iliyobanwa kwenye wati 45, inaweza kuzidiwa na nene ya bei nafuu yenye RTX 4050 inayokula wati 100. Ukiwa dukani, fungua NVIDIA Control Panel, nenda kwenye taarifa za mfumo, utafute mstari wa "Maximum Graphics Power". Namba ya wati imeandikwa hapo. Ukiwa unanunua mtandaoni, tafuta majaribio ya modeli hiyohiyo kamili, pamoja na herufi na tarakimu zake za mwisho, kwa sababu jina kubwa la laptop halisemi chochote.

Tuseme mfukoni una milioni moja na nusu ya Kitanzania. Kiasi hicho hakifiki laptop mpya yenye RTX. Utakachoonyeshwa kikiwa kipya kwenye boksi lake ni mashine za Celeron na i3, safi, nyepesi, na kwa gemu hazifai kitu. Kwa hiyo unakwenda kwenye zilizotumika, na hapo kuna mlango ambao wengi wanaupita bila kubisha.

Makampuni ya Ulaya na Marekani ya wahandisi na wasanifu majengo hununua laptop nzito za kazi: HP ZBook, Dell Precision, Lenovo ThinkPad za herufi P. Baada ya miaka mitatu minne wanazitoa kwa mkupuo, zinapita Dubai au zinakuja moja kwa moja; Nairobi utasikia zinaitwa ex-UK. Ndani yake kuna chipu za NVIDIA Quadro. Mcheza gemu akisikia Quadro anageuka, kwa sababu ameambiwa ni za kuchorea ramani za majengo. Lakini Quadro T2000 inatumia chipu ya familia moja na GTX 1650, na T1000 iko nyuma yake kidogo. P2000 inakaribiana na GTX 1050 Ti. Gemu haziulizi jina. Pamoja nayo unapata prosesa ya i7 yenye viini (cores) sita kwenye nyingi za kizazi cha 8 na cha 9, nafasi za kuongeza RAM, na bodi ambayo fundi anaifungua bila kuvunja kitu. Kwa kuwa wenye hamu ya taa za rangi hawazigombei, bei yake huwa chini ya "laptop ya gemu" ya umri uleule.

Tahadhari ni mbili. ZBook 15 moja inaweza kuwa na T1000 na nyingine yenye jina lilelile ikawa na kitu cha chini zaidi, kwa hiyo rudi kwenye lile zoezi la GPU 1. Ya pili ni kibodi. Iliyotoka Ufaransa ina mpangilio wa AZERTY, na vidole vyako vilivyozoea W, A, S na D vitakuta Z, Q, S na D. Stika za herufi zilizobandikwa juu zinaficha tu; badilisha mpangilio ndani ya Windows na uzoee, au omba punguzo.

Prosesa nitaipitia haraka kwa kuwa watu wanaipa uzito usio wake. "Core i7" peke yake haina maana. i7-7500U ina viini viwili. I5-11400H ina sita. Tazama herufi ya mwisho: H ni ya mashine zenye nguvu, U ni ya kutunza betri. Kwa Ryzen ni hivyohivyo, 5600H ni chaguo zuri sana kwa pesa yake. Kwa chipu za ngazi tulizozitaja, i5 ya H inatosha, na tofauti ya bei kati yake na i7 ipeleke kwenye grafiki.

RAM iwe GB 16, na iwe vipande viwili vya 8. Prosesa inasoma vipande viwili kwa wakati mmoja, na grafiki ya ndani inayoazima RAM ndiyo inayofaidi zaidi. Intel wenyewe hawaiiti Iris Xe kama mashine ina kipande kimoja. Windows itaionyesha kama UHD tu, na ukiongeza cha pili jina linabadilika. Uliza pia kama RAM inafunguka, kwa sababu kwenye laptop nyembamba nyingi imechomelewa. Nilikuwa nawaambia watu wanunue GB 8 kisha waongeze baadaye kwa bei ndogo, lakini mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda duniani kote, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Siku hizi ulinganishe kwanza: mashine iliyotumika yenye GB 16 tayari inaweza kuwa na nafuu kuliko kuongeza mwenyewe.

Kioo cha 144Hz, yaani kinachobadili picha mara 144 kwa sekunde, kinapendeza, ila chipu yako isipofikisha fremu hizo kinabaki kuwa cha 60. Kwa Valorant na Counter-Strike 2 kina maana, kwa GTA V hutakiona. Laptop za gemu za bei ya chini hukatwa gharama hapo: rangi zimepauka na mwanga hauzidi niti 250, ukikaa barazani mchana huoni ila sura yako. Kama mashine itabaki mezani, kubali kioo kibaya na upange kununua monita iliyotumika.

Pwani kuna suala la joto. Chumba cha Dar au Mombasa mwezi Februari kiko nyuzi 30 na zaidi, na laptop inavuta hewa hiyohiyo kujipoza. Chipu ikifika kikomo chake inajipunguzia kasi, na utaona gemu nzuri dakika kumi za mwanzo kisha fremu zinaporomoka. Mashine iliyotumika ichukulie kuwa ina vumbi na gundi ya joto iliyokauka. Mpe fundi aifungue, asafishe feni, apake gundi mpya kabla hujailalamikia. Usicheze ukiwa umeilaza kitandani, matundu ya chini yanazibwa na shuka.

Umeme nao. Watu hujipa moyo kwamba laptop ina betri hivyo umeme ukikatika mechi inaendelea. Piga hesabu: betri ya Wh 50, mashine inakula wati 80 ikiwa kwenye gemu, hufikishi dakika 40 hata betri ikiwa mpya. Zaidi ya hapo, laptop nyingi zikitoka kwenye chaja huibana grafiki yenyewe, kwa hiyo fremu zinashuka papo hapo. Betri inakupa muda wa kuhifadhi na kutoka kwa adabu. Hali yake utaijua dukani: andika powercfg /batteryreport kwenye kidirisha cha amri, ripoti inakupa uwezo iliyotoka nao kiwandani na uliobaki leo.

Mwombe muuzaji akuache uendeshe gemu, si video ya YouTube, kwa robo saa nzima. Wapo watakaokataa, waache. Wakati inacheza, weka kiganja karibu na tundu la kutolea hewa, sikiliza kama feni inakwaruza, angalia kama picha inatoa vinukta vya rangi au mistari. Vinukta vya namna hiyo mara nyingi ni chipu inayokufa, hata ushushiwe bei kiasi gani.

Windows ina mtego wake. Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Madukani kuna mashine za kizazi cha 6 na 7 zilizowekewa Windows 11 kwa njia ya mkato. Kwa Word hutaona tofauti. Lakini Valorant ikiwa kwenye Windows 11 hukagua vipengele viwili vya usalama vya mashine, TPM 2.0 na Secure Boot, na mashine isiyotimiza inakuletea ujumbe VAN 9001 na haikuingizi uwanjani. Ukichagua kizazi cha 8 na kuendelea umejiepusha na kesi hiyo. Kama ujumbe huo unakutokea kwenye mashine ya kizazi cha 8, tatizo kwa kawaida ni mpangilio uliozimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla ya Windows, unawashwa.

SSD ya GB 256 itakuhangaisha. FC peke yake inakula zaidi ya theluthi. Anza na 512. Na kabla hujachoma bando kushusha GB 100, kumbuka kwamba tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja kuhamishiana gemu, kwa hiyo rafiki aliyekwisha kuishusha anaweza kukupa faili, nawe ukabaki na kazi ya kuinunua gemu yenyewe kwenye akaunti yako.

La mwisho kukagua kabla ya kulipa ni chaja. ZBook 15 nyingi huja na chaja za wati 150 au 200, lakini ya HP ya wati 65 inaingia kwenye tundu lilelile, na ndiyo inayopatikana kwa wingi madukani. Mashine itawaka, taa ya chaji itawaka, na ukianzisha gemu itajibana kwa kukosa umeme huku betri ikishuka ingali imechomekwa ukutani. Geuza chaja, soma wati zilizoandikwa nyuma, na kama ni 65 mwambie akuletee chaja halisi ya mashine hiyo kabla hujatoa pesa.